Boti Iliyotumika ya Kuvulia Bahari Kuu: Mimi Huanzia Nyuma

Watu wengi wakienda kuangalia boti inayouzwa huanzia mbele. Wanapanda, wanashika usukani, wanawasha kioo cha kutafutia samaki, wanakaa kwenye kiti cha nahodha na kuanza kuwaona jodari kabla hata hawajauliza bei. Siwalaumu, boti ina namna yake ya kumteka mtu. Lakini kioo, rada, viti, redio na rangi ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Vilivyo ghali vimefunikwa na faiba, vimezama chini ya sakafu, au vimefungwa boliti kwenye ubao wa nyuma. Kwa hiyo mimi nikifika huanzia nyuma, na mara nyingine sina haja ya kufika mbele.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka boti ya kumpeleka mbali, pale ardhi inapozama nyuma yake isionekane tena. Uvuvi wa karibu na ufukwe una msamaha mwingi: injini ikizima unatia nanga, unapiga simu, mwenzako anakuja kukuvuta. Ukiwa maili 30 za baharini nje, ambazo ni kilomita 55 na ushei, nanga haifiki chini, simu haina mtandao, na upepo hausubiri utafute plagi. Ndiyo maana mbele ya kila kasoro najiuliza kwanza itakuwa nini nikiwa kule nje. Gharama ya kuirekebisha naiuliza baadaye. Bawaba ya kifuniko iliyovunjika itabaki kuwa bawaba iliyovunjika. Mpira wa petroli uliochanika unaweza kuwa moto katikati ya bahari. Kwa macho zote mbili ni kasoro ndogo, na muuzaji atazitaja kwa sauti ileile.

Turudi nyuma, basi. Ubao wa tezi, ule unaobeba injini, kwenye boti nyingi za faiba umejengwa kwa tabaka: faiba nje, faiba ndani, na katikati plaiwudi nene. Faiba haiozi. Plaiwudi inaoza, na maji hayahitaji njia kubwa ili kuifikia. Kila tundu lililotobolewa pale ni mlango: la boliti za injini, la kizibo cha kutolea maji, la skrubu inayoshika kihisio cha kioo cha samaki. Fundi mwenye haraka akipiga skrubu bila kuziba tundu vizuri, maji ya chumvi yataingia polepole, miaka na miaka, hadi ubao ulowe kutoka kona hii hadi ile, na kwa nje rangi bado inang'aa.

Jaribio langu la kwanza halitaki kifaa chochote. Namwomba mtu mmoja achuchumae na kukazia macho mahali injini inapokutana na ubao. Injini ikiwa imeinuliwa nusu, nashika ncha ya mguu wake na kuuegemea kwa uzito wangu, nauachia, nauegemea tena. Ubao mzima hautikisiki. Ukiuona unapumua, yaani unatoka nje kidogo na kurudi, umeshapata jibu kuhusu boti hiyo, na bei haiwezi kulibadilisha. Baada ya hapo natumia nyundo ndogo ya plastiki na kugonga taratibu, kiganja kwa kiganja, kutoka juu hadi chini. Ubao mzima hujibu kwa sauti kali na fupi. Uliolowa hujibu kwa mguno. Vipo vipimo vya unyevu vya umeme, na mkaguzi mzuri atakuja na chake, ila hudanganywa na chuma kilicho nyuma ya faiba au na boti iliyotoka kunyeshewa. Sikio lililozoea halidanganywi kirahisi hivyo.

Kama mwenye boti ni mtu wa maelewano, mwombe ruhusa ya kutoa skrubu moja ya chini kabisa, ile ya kihisio. Wapo wanaokataa, na kukataa kwao nakupa uzito. Nakumbuka boti moja nzuri ya kutazama, imepakwa nta hadi unaona uso wako ubavuni mwake. Skrubu ilitoka bila ubishi, bila hata ule mlio wa meno yake kung'oka ubaoni. Tundu likakaa kimya kidogo. Halafu tone la maji ya kahawia likajitokeza ukingoni, likateremka kwenye faiba nyeupe na kuacha mchirizi, likafuatwa na jingine, na jingine. Boti ilikuwa juu ya trela, haijagusa bahari kwa wiki kadhaa. Nilinusa kidole: ubao uliooza. Mwenye boti naye alinusa, na nadhani alishangaa kweli.

Kubadilisha ubao wa tezi ni kukata ngozi ya boti, kukwangua uozo wote, kujenga upya kwa plaiwudi ya baharini au kwa nyenzo zisizooza, kisha kurudisha injini. Ni kazi inayoeleweka, na nimeona boti zilizofanyiwa hivyo zikawa imara kuliko zilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo boti kuukuu yenye ubao mpya na picha za kazi hiyo hatua kwa hatua naipenda kuliko ya umri uleule ambayo haijawahi kuguswa na mwenyewe anajisifu kwamba haijawahi kuguswa.

Bado nipo nyuma, kwa sababu kuna jambo jingine linalojificha hapa: uzito. Boti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilichorwa zibebe injini za mipigo miwili. Leo injini hizo zimeng'olewa na mahali pake zimefungwa za mipigo minne, ambazo ni tulivu, hazili mafuta sana, na kwa kawaida ni nzito zaidi. Tezi inakaa chini kuliko mchoraji alivyokusudia. Matundu ya kutolea maji sakafuni, yaliyopaswa kuwa juu ya usawa wa bahari, yanakuwa sawa nao au chini yake. Boti ikiwa majini, waombe watu watatu wasimame pamoja kwenye kona ya nyuma, mahali ambapo watasimama siku samaki mkubwa anapoletwa ubavuni. Maji yakirudi ndani na kuwalowesha vifundo vya miguu, fikiria hali hiyohiyo wimbi likiwa linakuja kutoka nyuma na injini imezima.

Kutoka hapo nashuka chini ya sakafu. Nguvu ya boti ya faiba imo kwenye mihimili inayopita kwa urefu chini ya sakafu, mara nyingi ubao uliofungwa ndani ya faiba, na nafasi iliyobaki hujazwa povu gumu la kuisaidia ielee. Povu likiwa jipya halinywi maji. Likikaa miaka ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti, maji yanapojikusanya) isiyokauka, linalowa, na likishalowa halikauki. Boti ya namna hiyo haina dalili ya nje zaidi ya uvivu: injini inafunguliwa moto wote na chombo kinachelewa kuinuka juu ya maji. Tembea sakafuni bila viatu, ukibonyeza kila hatua kwa kisigino. Halafu, kama boti ina trela, ipeleke kwenye mizani ya magari. Toa uzito wa trela, wa mafuta, wa injini na vifaa, kisha linganisha na uzito ambao mtengenezaji aliutangaza. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Boti iliyozidi kwa mamia ya kilo inabeba maji usiyoyaona, na hakuna pampu itakayoyatoa.

Sheria za Marekani zinataka boti nyingi za injini zilizo chini ya futi 20 ziweze kuelea hata zikijaa maji. Kuanzia futi 20 watengenezaji hawalazimishwi. Mnunuzi anayehama kutoka boti ndogo kwenda kubwa hudhani amepanda ngazi katika kila kitu, kumbe hapa huenda ameshuka. Uliza, na usiridhike na jibu la mdomo. Fuata mtengenezaji na mfano wa boti, usome maelezo yake.

Ulaya wana utaratibu mwingine ninaoupenda kwa uwazi wake. Boti inayouzwa kule hubandikwa kibao chenye herufi ya daraja lake. B ni ya mbali na pwani: upepo hadi nguvu 8 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 4. C ni ya karibu na pwani: upepo hadi nguvu 6, mawimbi hadi mita 2. Kibao hakimwambii mtu kwamba ni busara kutoka katika bahari ya mita 4. Kinaeleza chombo kilichorwa kwa ajili ya nini, na boti ya daraja C hata ikivalishwa mikono ya kuburuzia mishipi pande zote mbili na minara juu itabaki C. Pengine minara hiyo imeiharibu zaidi, kwa kuwa kila kilo inayoongezwa juu huongeza kuyumba.

Umbo la chini lina historia inayostahili kutajwa. Mwaka 1960, katika mashindano ya boti za injini kutoka Miami hadi Nassau, bahari ilichafuka vibaya. Boti iliyoitwa Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt na kuendeshwa na Richard Bertram na wenzake, ilifika ya kwanza. Siri yake ilikuwa chini: umbo la V lililoendelea hadi tezini kwa pembe ya nyuzi karibu 24, wakati boti nyingi za zama hizo zilikuwa bapa nyuma. Kutoka kwayo ikazaliwa Bertram 31 ya faiba, na wachoraji duniani kote wakafuata. V kali hukata wimbi na kuokoa mgongo wako. Ina gharama yake pia. Ikisimama hulewalewa zaidi, na hutaka injini yenye nguvu zaidi. Anayeburuza mishipi kutwa kucha anaweza kuikubali gharama hiyo kwa moyo mmoja. Anayezima injini na kuvua huku akipelekwa na mkondo atashukuru kwa pembe ya nyuzi 18 hadi 21, ambayo bado inakata wimbi vya kutosha. Mimi ningependa kila mnunuzi ajue pembe ya boti yake kabla ya kujua rangi yake, maana rangi hupakwa upya na pembe hukaa vilevile hadi mwisho.

Ukiwa bado umeinama chini ya boti, tafuta malengelenge. Maji hupenya ngozi ya nje ya faiba polepole, yanakutana na mabaki ya kemikali, na kuvimba. Ukitoboa lengelenge (vaa miwani) hutoka majimaji yanayonuka siki. Machache, madogo, yaliyosambaa, hayanitishi hata kidogo. Hayo ni ya kupunguzia bei. Mikwaruzo na nyufa nyembamba za juujuu vilevile. Kinachonifanya nisimame ni nyufa zinazosambaa kama miale kutoka sehemu moja, maana hapo palipigwa, au mistari inayokwenda sambamba kwenye pembe za sakafu na ubavu, maana hapo pananyumbuka pasipotakiwa kunyumbuka.

Sasa injini, ambayo watu huizungumzia zaidi kuliko yote, na mara nyingi kwa swali lisilo sahihi. Wanauliza saa ngapi imefanya kazi. Injini ya nje ya petroli yenye umri wa miaka kumi na saa 80 tu haijatunzwa, imeachwa. Mipira imekauka, chumvi imejikusanya kwenye njia za maji ya kupoza, petroli ya zamani imegeuka gundi. Ningechukua yenye saa 700 iliyofanyiwa matengenezo kila saa 100 na kuoshwa kwa maji baridi kila iliporudi, na mwenyewe ana daftari lenye alama za vidole vya oili. Daftari safi sana nalo hunipa maswali.

Injini iwashwe ikiwa baridi, na hili sitalegeza. Mwenye boti mmoja alinipokea kwa ukarimu, akaniambia, "Kaka, nimeshaipasha moto asubuhi, usije ukasubiri." Nikaweka kiganja juu ya kichwa cha injini; kweli ilikuwa na joto. Nikamwambia, "Ahsante sana ndugu yangu. Basi nitarudi kesho mapema, naomba usiiguse." Kesho yake ilikohoa muda mrefu, ikashika, ikatoa moshi wa bluu uliokaa hewani bila kuisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, au injini inabeba mzigo uliozidi uwezo wake. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yameingia mahali pasipo pake, na kwa dizeli unaweza kuwa mafuta yasiyoungua. Kila mmoja una dawa yake na bei yake, lakini huwezi kuuona kama mtu mwingine ameshausubiri uishe kabla hujafika.

Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zenyewe hutofautiana kwa aina ya injini; unachotafuta ni zikaribiane, na mafundi wengi hawakubali tofauti inayozidi asilimia 10 kati ya silinda ya juu na ya chini. Kisha legeza skrubu ya chini kwenye mguu wa injini uache oili ya gia idondoke kwenye kikombe. Oili safi ina rangi yake na inapitisha mwanga. Ikiwa imegeuka maziwa, maji yameingia kupitia sili. Ipake kati ya vidole viwili na uviinue juani: unga wa chuma ni jambo la kawaida kwa kiasi kidogo, vipande unavyovihisi kwa ngozi ni meno ya gia yanayoondoka. Dakika kumi, kikombe kimoja, na umejua zaidi ya atakachokuambia mtu yeyote pale bandarini.

Watu hubishana sana kuhusu injini moja au mbili. Mimi niko upande wa mbili kwa safari za mbali, lakini kwa sharti: kila moja iwe na tangi lake au angalau kichujio chake, na betri yake. Injini mbili zinazonyonya petroli chafu kutoka tangi moja huzima pamoja. Na wakati wa majaribio zima moja, inua mguu wake, uone nyingine inakupeleka kwa mwendo gani. Boti nyingi hazitainuka juu ya maji kwa injini moja, na si lazima ziinuke, lakini lazima ziweze kushika mwelekeo dhidi ya upepo. Ukikosa hilo umelipia injini mbili na umepata moja nzito.

Tangi la mafuta ndilo linalonikosesha usingizi kuliko injini. Kwenye boti nyingi ni la alumini, limelazwa chini ya sakafu na kuzungushiwa povu. Maji yakikaa kati ya povu na alumini, chuma huliwa vitundu vitundu kutoka nje, mahali ambapo hakuna anayeona. Kulibadilisha ni kukata sakafu. Fungua kila kifuniko cha ukaguzi, ingiza pua kabla ya macho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani na kutulia pale ukingoja cheche. Harufu ya petroli kwenye boti iliyofungwa usiku kucha haina maelezo yanayokubalika, hata kama muuzaji ana maelezo matano.

Ukubwa wa tangi nao una hesabu yake. Wavuvi wa mbali hufuata kanuni ya theluthi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Tuseme boti inakula lita 60 kwa saa ikienda noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Maili 30 kwenda na 30 kurudi ni saa tatu, lita 180, na hujaburuza mshipi hata dakika moja. Kwa kanuni ya theluthi unahitaji lita 270 tangini kabla ya kuondoka. Boti inayouzwa na tangi la lita 150 inaweza kuwa nzuri sana, lakini haiwezi safari hiyo, na mapipa ya plastiki yaliyofungwa kamba sakafuni siyakubali.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walisema wahenga, na kwenye ukaguzi wa boti ndivyo ilivyo. Chochote kilichovuja, kilichodondoka au kilichopuuzwa kinaishia ngamani. Ngama yenye oili, nywele, vichwa vya fyuzi na mstari wa chumvi juu ya nyaya inaeleza miaka ya mwenye boti kuliko yeye mwenyewe. Angalia mstari huo wa chumvi: unaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Ukipita juu ya betri au juu ya waya wa kuwashia injini, boti hiyo iliwahi kujaa.

Pampu ya ngama hutangazwa kwa uwezo mkubwa kuliko ilio nao. Ile iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, karibu lita 1,900, imepimwa bila kuyainua maji. Ukiifunga kwenye bomba linalopanda hadi ubavuni na betri iliyochoka, inatoa pungufu ya hapo. Sasa linganisha. Tundu la upana wa sentimita 5, lililo sentimita 60 chini ya usawa wa bahari, huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 12,000 kwa saa. Hakuna pampu ndogo itakayoshindana na hilo. Kwa hiyo kila tundu lililo chini ya maji ni la kukaguliwa kwa mkono: vali igeuke bila nyundo, bomba lifungwe kwa klipu mbili, na kando yake kining'inie kizibo cha mbao laini. Vali za shaba yenye zinki nyingi hugeuka rangi ya waridi pale maji ya chumvi yanapoila zinki yake, na vali ya namna hiyo inaweza kukatika ukiigeuza. Ukiiona ya waridi, usiiguse boti ikiwa majini.

Kuhusu umeme nitasema kidogo. Nyaya za baharini ni zile ambazo kila uzi wa shaba umepakwa bati. Za gari hazijapakwa, na chumvi huzigeuza kijani hadi ndani ya plastiki. Kata sentimita mbili za waya wowote unaokutia shaka, uangalie rangi. Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe zitaondolewa zote, na gharama hiyo iingie kwenye bei.

Boti zinazotoka kwa mtu mwenye vifaa vingi vya usalama huvutia, na ni vema kuvitazama kwa tarehe zake. Kifaa cha kuashiria dharura kwa setilaiti, EPIRB, lazima kiwe cha masafa ya 406 MHz. Setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat ziliacha kusikiliza 121.5 MHz tarehe 1 Februari 2009, na bado vifaa vya zamani vinaonekana vimebandikwa ukutani kana kwamba vitamwokoa mtu. Hata kile cha 406 kina betri yenye tarehe ya mwisho, na kimesajiliwa kwa jina la mwenye boti wa zamani. Kikiwashwa, waokoaji watampigia simu yeye, naye atawaambia yuko nyumbani anakula chakula cha jioni. Namba ya redio ya VHF ya kuitana kidijitali ina shida hiyohiyo. Boya la kujiokoa nalo, ambalo hujijaza hewa lenyewe, lisilo na karatasi ya ukaguzi ni mzigo tu.

Karatasi zenyewe zisomwe ukiwa umesimama nyuma ya boti. Upande wa kulia wa tezi, juu, pana namba ya utambulisho. Kwa boti za Marekani tangu mwaka 1972 ina tarakimu na herufi 12, na kwa zilizotengenezwa baada ya mwaka 1984 mbili za mwisho zinaonyesha mwaka wa toleo. Ilingane na hati herufi kwa herufi. Namba ya injini pia. Namba iliyokwanguliwa au kupakwa rangi nene sijadili, naondoka.

Baada ya yote haya bado naajiri mkaguzi wa vyombo, na namtafuta mwenyewe. Anayependekezwa na muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini mimi ndiye nitakayekuwa maili 30 nje, kwa hiyo mimi ndiye ninayepaswa kuwa mteja wake. Aione boti nchi kavu na majini, na awepo kwenye majaribio. Siku ya majaribio ichaguliwe yenye upepo kidogo. Bahari iliyolala haifundishi kitu. Nenda dhidi ya wimbi, kisha ubavu, kisha wimbi likiwa nyuma, ambapo boti mbaya hutaka kugeuka yenyewe. Fungua moto wote kwa dakika chache na usome mizunguko: injini nyingi za nje za petroli hutakiwa kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Isipofika, ama rafadha si yake, ama boti ni nzito, ama injini imechoka, na yote matatu umeshayachunguza. Kisha zima kila kitu, acha boti ipelekwe na mkondo, fungua ngama uangalie. Iliyokuwa kavu asubuhi iwe kavu sasa.

Ukiridhika, lipa, lakini usilipe zote ulizo nazo. Mimi hubakiza angalau robo ya bei ya boti kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na boti niliyoipenda ikinizuia kufanya hivyo natafuta ndogo zaidi. Boti ya futi 23 iliyotunzwa ina uwezo wa kwenda mbali kuliko ya futi 28 ambayo mwenyewe hana tena hela ya kununua impela, yaani gurudumu la mpira la pampu ya maji ya kupoza injini. Safari za mwanzo ziwe za karibu, mahali unapoona ardhi, na kila ukirudi fungua vifuniko vyote na upitishe mkono kwenye kila bomba na kila boliti ya tezi. Wiki hiyohiyo ya kununua, badilisha impela, vichujio vya mafuta, betri zisizo na tarehe na pampu ya ngama, hata kama vyote vinafanya kazi, na usajili EPIRB kwa jina lako kabla ya kununua ndoana.